Maharage Mia ya Ndugu wa Mgonjwa

Haya nilielezwa na mjukuu wangu wa kike, Jumapili ya kwanza baada ya mvua kukatika, tumekaa nyuma ya nyumba tunachambua mboga. Yalimpata mwenzake wa kazini, anayekaa naye meza moja. Pale ambapo mjukuu wangu hakuwapo, mwenyewe alimsimulia.

Mwenzake huyo walimwita Dada Maharage. Kazi yao pale ni kutengeneza programu za kompyuta, na kabla programu haijaanza kutengenezwa lazima mtu aende akawaulize watakaoitumia wanataka nini. Sasa, binadamu ukimuuliza anataka nini, anataka vyote. Daktari anataka hiki, karani anataka kile, kila mmoja anaapa kwamba chake ndicho cha haraka, na siku hazitoshi. Ndipo Dada Maharage alipoingia na mfuko wake. Kila hitaji aliliandika kwenye kadi, kila kadi akaiwekea kikombe, halafu kila mtu akampa punje mia za maharage makavu. Weka unapotaka. Zikiisha zimeisha. Mtu aliyekuwa akipiga kelele kwamba mambo yake kumi na tano yote ni ya lazima, akishikishwa zile punje anaanza kujikuna kichwa.

Na punje hazikuwa sawa. Za mkubwa zilizidishwa mara tano, za mdogo mara moja. Huo waliuita uzito, na uzito hupangwa mapema na wakubwa wenyewe, nao huutilia saini. Jambo la mwisho ni kwamba mwulizaji hana punje. Anayeshika vikombe hatii kitu kikombeni. Hiyo ndiyo heshima ya kazi yao.

Baba yake Dada Maharage alikuwa amefariki. Alilazwa siku nne katika hospitali moja ya ghorofa tatu. Siku ya tano asubuhi binti alifika getini na uji kwenye chupa, bawabu akapekua daftari, akamwambia kitanda kumi na moja, panda. Akapanda. Kitanda kumi na moja kilikuwa na mtu mwingine. Baba yake alikuwa amekata roho alfajiri, ameshapelekwa chumba cha maiti, na daftari la getini lilikuwa halijaambiwa.

Tangu siku ile alikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Unauona ni wako, unaukanyagia, lakini wenyewe hauna habari na wewe. Alizika, akapokea pole, akarudi kazini. Wenzake walimletea chai, akainywa. Hakulia mbele yao, wala, kwa alivyosema baadaye, hakulia nyuma yao.

Wiki ya tano bosi wao akaweka faili mezani kwake. Bosi huyo ofisi nzima ilimwita Shemeji, kwa sababu alimwoa dada wa mmoja wao, basi akawa shemeji wa wote.

"Hospitali," akasema Shemeji. "Mradi huu unauongoza wewe. Wa kwanza wako, usinitie aibu."

Dada Maharage akasoma jina la hospitali juu ya faili. Ilikuwa ile ile.

"Sawa," akasema.

Mjukuu wangu anasema alimtazama usoni kuona kama kuna kitu, hakuona kitu.

Akaenda. Alianza juu akashuka chini: mkurugenzi, daktari, metroni, muuguzi, mfamasia, karani wa mafaili. Mwisho akafika getini kwa bawabu. Kibanda chake kilikuwa na dirisha dogo la kuongelea, kiti kimoja kilichofungwa kamba mguuni, na daftari kubwa lililovimba kwa kushikwashikwa. Bawabu hakumtambua. Kila asubuhi watu mia mbili wanapita dirishani pake, na siku ile alikuwa ameinamia daftari, naye binti alikuwa amejitanda hadi kwenye nyusi. Leo alikuwa na miwani, na kitambulisho kikining'inia shingoni.

"Mimi ndiye naulizwa?" bawabu akasema. "Mwanangu, miaka kumi na sita nipo hapa, hakuna aliyewahi kuniuliza hata kama nimekunywa chai."

"Umekunywa, baba?"

"Sijanywa. Haya, uliza."

"Kitu gani kinakusumbua katika kazi yako?"

Bawabu akaligonga daftari kwa kidole. "Hili. Naletewa majina na vitanda jioni. Usiku watu wanahamishwa, wengine ndiyo wanahama moja kwa moja, asubuhi mimi niko hapa nawasomea watu habari za jana kama gazeti la kufungia. Nampandisha mtu ghorofa ya tatu na kikapu chake, kumbe anakwenda kukiona kitanda." Akalifunga daftari. "Kuna binti mmoja, hata miezi miwili haijatimia. Nikamwambia panda. Akapanda. Alipokuwa juu ndipo akaja mtu wa zamu kuniambia yule mzee ameondoka tangu alfajiri. Nikasema, leo nitatukanwa. Nikajikaza, nikamngoja. Akashuka, akapita hapo hapo ulipo wewe, akaniambia asante."

"Asante?"

"Asante! Mwanangu, bora angenitukana. Matusi nimeyazoea, yanaingia huku yanatokea huku. Ile asante bado ninayo."

Dada Maharage akaandika: Bawabu ajue mgonjwa yuko wapi, au kama hayupo, kabla ndugu hajapanda. Hitaji hilo akaliandika namba kumi na tisa. Mahitaji yote yakawa ishirini na matatu, na programu, kwa awamu ya kwanza, ingebeba manane tu.

Siku ya kupiga maharage aliwakusanya kwenye chumba cha mikutano, vikombe vimepangwa mezani vikiwa wazi. Mkurugenzi na daktari walikuwa wameshaweka zao, kila mmoja ofisini kwake, kwa hiyo mkubwa pale alikuwa metroni, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima.

"Metroni, tafadhali tuanzie kwako."

Metroni akaweka punje arobaini kwenye ratiba ya zamu, nyingine akazigawa huku na huku. Akafuata muuguzi. Arobaini kwenye ratiba ya zamu.

"Dada," akauliza Dada Maharage, "kweli shida yako kubwa ni ratiba?"

"Kama Metroni ameiona ni shida, basi ni shida."

Watu wakacheka. Karani wa mafaili, arobaini. Mfamasia, ambaye zamu hazimhusu kwa lolote, naye arobaini. Metroni akashika kiuno. "Jamani, mnaniiga hadi mkono wa kuwekea!" Wakacheka tena, wakaendelea kumwiga. Bawabu alipopokelewa geti akaja mbio, akakitazama kile kikombe kilichofurika. "Hapa mtu akiweka kwingine atatoka salama?" akauliza, akamimina arobaini zake humo.

Kosa lilikuwa la Dada Maharage. Huwezi kumtanguliza mkubwa, vikombe viko wazi, ukategemea wadogo watasema lao. Hilo alilijua siku zote, ila siku zile alikuwa akifanya mambo kwa mikono tu. Alizimwaga punje zote, akasema kesho tunarudia, mmoja mmoja, chumba cha mafaili, mlango umefungwa, vikombe vimefunikwa vifuniko vyenye tundu.

Kesho yake ndipo watu waliposema. Muuguzi aliweka ishirini kwenye namba kumi na tisa. "Wakishapanda, anayewapokea pale kitandani ni nani? Si mimi?" Metroni aliweka kumi. "Na usiwaambie kwamba sikurudia zangu za jana," akasema. Bawabu aliuliza kikombe cha kumi na tisa kiko wapi, akamimina mia zote.

"Baba, unaruhusiwa kugawa."

"Nigawe nini? Shida ninayo moja, maharage mmenipa mia."

Dada Maharage akarudi ofisini, akapiga hesabu. Muuguzi ishirini kwa uzito wa tatu, sitini. Metroni kumi kwa uzito wa nne, arobaini. Bawabu mia kwa uzito wa moja, mia. Jumla mia mbili, nafasi ya tisa. Nafasi ya nane, ya mwisho kuingia, ilikuwa nembo ya hospitali ionekane juu ya kila ukurasa, kwa rangi. Hakuna mtu aliyeitaka isipokuwa mkurugenzi, lakini mkurugenzi aliweka hamsini, na uzito wake tano. Mia mbili na hamsini.

Alirudia hesabu mara mbili. Haikubadilika. Kisha akaisogeza karatasi kwa mjukuu wangu naye aihakiki, ndivyo wanavyofanya. Mjukuu wangu akahakiki.

"Nembo!" akasema. "Jamani, nembo!"

"Hesabu iko sawa?"

"Iko sawa."

"Basi."

Lakini hakuifunga karatasi. Alikaa nayo, chai ikapoa, wakaja kufagia, wakafagia kuizunguka miguu yake. Halafu akainuka akaenda kwa Shemeji. Mlango ulikuwa wazi, na meza yao iko karibu, mjukuu wangu akasikia yote.

"Kuna watu hatukuwauliza," akasema Dada Maharage.

"Akina nani? Orodha umeipanga mwenyewe."

"Ndugu za wagonjwa. Wanaokuja kuona."

"Wale si watumiaji. Hawataigusa kompyuta."

"Hata mkurugenzi hataigusa."

Shemeji akacheka, halafu akaacha. "Haya. Mmoja tunampata wapi leo? Kesho napeleka orodha. Unamjua yeyote?"

"Mimi."

Shemeji alikuwa amekwenda mazikoni, kaburi alilitupia udongo, lakini marehemu alifia hospitali gani hakuwa ameuliza.

"Ni pale?" akasema.

"Ni pale. Ghorofa ya tatu."

"Na wewe ukakubali faili?"

"Ulisema nisikutie aibu."

Shemeji akajifuta uso kwa kiganja. "Dada yangu, unajua sheria. Ukitia punje, wewe ni mdau, na mdau hawezi kuongoza. Mradi unatoka mkononi mwako. Huu ndio uliokuwa ukupandishe, na mwingine sijui utakuja lini. Lala uufikirie, kesho asubuhi uniambie."

"Nimeshafikiria."

"Na uzito wa hao ndugu uwe ngapi? Mimi ningewapa tatu."

"Moja. Nikipewa tatu utaambiwa nimejipendelea."

"Moja. Utaulizwa na mwenzako, si mimi. Kama mtu mwingine yeyote."

Hivyo mjukuu wangu akapewa daftari. Ananiambia, "Bibi, sijawahi kuchukia kazi yangu kama dakika ile." Wakaingia chumba kidogo cha mikutano, kile chenye dirisha linalotazama paa za mabati, wakakaa wakitazamana. Kadi ishirini na tatu, vikombe ishirini na tatu, punje mia kwenye bakuli. Mjukuu wangu alipaswa kuuliza kama anavyouliza wengine, basi akauliza.

"Wewe ni nani katika hospitali hii?"

"Ndugu wa mgonjwa."

"Mgonjwa yupi?"

"Baba yangu. Hayupo."

"Ulikwenda pale mara ngapi?"

"Siku tano. Tano na hiyo ya mwisho ikiwemo."

"Kitu gani kilikusumbua?"

Dada Maharage alifikiri kama mtu anayeulizwa jina la jirani wa zamani. "Siku ya pili walimpa dawa mara mbili. Zamu ilibadilika, hawakuambiana. Siku ya tatu majibu ya maabara yalipotea, akatolewa damu upya, na damu yenyewe ilikuwa ya kutafuta. Siku ya tano nilipanda, hakuwapo."

"Ukajisikiaje?"

"Hilo limo kwenye maswali?"

"Halimo."

"Basi endelea."

Mjukuu wangu akamsogezea bakuli. Wote wawili walijua namba: ili kumi na tisa iipite nembo zilihitajika hamsini na moja. Lakini anayeuliza haruhusiwi kusema neno mtu akiweka, na anayeweka anatakiwa aweke analolitaka, si analotaka lishinde. Dada Maharage akahesabu punje ishirini, akaziweka kwenye kadi ya dawa. Dawa ilikuwa tayari ya kwanza kwenye orodha, haikuhitaji hata moja. Akahesabu kumi na tano, akaziweka kwenye majibu ya maabara. Nayo ilikuwa imeshaingia. Mjukuu wangu alikuwa akitoa kichwani: zimebaki sitini na tano. Akaona mkono unakwenda kwenye kumi na tisa. Tano. Tano. Tano. Unakwenda polepole, kama wa mtu anayepanda mbegu kwenye shamba la mwenyewe asiyemjua. Zikafika arobaini, mkono ukasimama.

Ukasimama muda mrefu. Nje mtu alikuwa anapigilia bati. Mjukuu wangu alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu, ndicho kitu pekee alichoruhusiwa.

"Kadi ya kiti haipo?" akauliza Dada Maharage.

"Kiti gani?"

"Cha kukalia mtu akiambiwa. Na mtu wa kumwambia."

"Hiyo si kazi ya programu."

"Najua si kazi ya programu." Alizitazama ishirini na tano zilizobaki, kisha akakichukua kikombe cha kumi na tisa, akakiinamisha kwenye ukingo wa bakuli, akazisukumia zote ndani. "Andika," akasema.

Mjukuu wangu akaandika sitini na tano. Mia mbili sitini na tano dhidi ya mia mbili hamsini.

Asubuhi yake Shemeji aliongea na mkurugenzi kwa simu, akiwa amesimama. Sauti ya mkurugenzi ilitoka kwenye simu ikajaa ofisi. "Nembo ndiyo sura ya hospitali! Sasa tutatoka bila sura?" Shemeji akamwambia sura itakuja awamu ya pili. Akamwambia pia kwamba ndugu za wagonjwa walisahauliwa, wameongezwa na uzito mdogo kuliko wote, na uzito wa kila mtu mwingine ni ule ule alioutilia saini mwenyewe. Mkurugenzi akaguna. Akauliza hao ndugu aliwawakilisha nani. Shemeji akasema, mtu aliyewahi kupanda ngazi zenu. Mkurugenzi akaguna tena, halafu akasema haya, pelekeni. Namba kumi na tisa ikaingia. Faili ikahamia upande wa pili wa meza, kwa mjukuu wangu.

Dada Maharage akaaga mapema. Hakwenda kwao moja kwa moja, alipitia getini. Ilikuwa kama saa saba, watu wa mchana wameshapanda, bawabu amevua kofia.

"Yako imeingia, baba."

"Yangu ipi?"

"Kumi na tisa. Ya vitanda. Utawekewa kompyuta hapa dirishani. Wakimhamisha mgonjwa juu, wewe unaona hapo hapo."

"Acha utani!" Akasimama, akakaa, akasimama tena. "Itaanza lini?"

"Mwezi wa saba, wakiwahi."

"Mwezi wa saba." Akalitazama daftari. "Basi mpaka hapo nitakuwa natuma mtu juu kwanza, mguu kwa mguu. Lakini mimi nilikuwa na uzito wa unyoya, yule dada karani wa mafaili alinitania hivyo. Nani kanibeba?"

"Ndugu mmoja wa mgonjwa. Naye aliulizwa."

"Ndugu gani?"

Angeweza kusema hamfahamu. "Yule aliyekuambia asante," akasema.

Bawabu akamtazama. Akaivua miwani yake mwenyewe, akaivaa, akamtazama tena, taratibu, kuanzia nyusi kushuka. Akashika ukingo wa dirisha.

"Ni wewe," akasema. "Na nikakaa hapa nakuhadithia! Ukaandika!"

"Ndiyo kazi yangu, baba."

"Nitukane basi. Nitukane sasa hivi, hakuna mtu. Tuyamalize."

Dada Maharage alijaribu, haki ya Mungu alijaribu. Alitafuta tusi kama mtu anavyotafuta funguo kwenye mkoba, akapekua mpaka chini.

"Sina, baba," akasema. "Nimetafuta, sina."

"Likipatikana utaleta?"

"Nitaleta."

"Nipo. Siku zote nipo, isipokuwa Ijumaa." Akarudisha kofia kichwani, maana mtu alikuwa anakuja na kikapu.

Nyumbani alimkuta mama yake sebuleni, kwenye kochi lile refu. Tangu mzee afariki mama alikuwa halali chumbani, analala hapo, kama kulala kwenyewe kunaitwa hivyo, maana macho yalikuwa wazi muda wote. Redio inaongea peke yake.

"Umefukuzwa?" mama akauliza.

"Nimeondolewa kwenye kazi moja. Nyingine nitapewa."

"Kwa nini?"

Akavua miwani, akakaa chini kwenye zulia, mgongo kwenye kochi, kichwa cha mama kikiwa nyuma ya bega lake. Akamweleza yote, hospitali, vikombe, bawabu. Siku ile ya kupanda alikuwa hajamsimulia mama. Alikuwa amemwambia tu, baba amefariki. Mama alisikiliza bila kukatiza, kisha akanyoosha mkono akaizima redio.

"Kwa hiyo kitandani ulimkuta nani?"

"Mwanamume mmoja amevunjika paja. Mguu umening'inizwa juu kwa kamba. Anamenya chungwa."

"Akasemaje?"

"Akadhani nimekuja kumwona yeye. Akasema, karibu shangazi, mbona mmechelewa hivyo?"

"Shangazi? Wewe?"

"Hakuwa amevaa miwani yake, labda."

Mama akatoa sauti puani. Ilikuwa fupi, na haikufika kuwa kicheko, lakini ilitoka. "Na ukamjibuje?"

"Nikamwambia magari yalikuwa shida."

"Loo."

"Akanipa vipande viwili vya chungwa."

"Ukala?"

"Nikala, mama. Mtu amekupa."

Dada Maharage alingoja swali jingine, halikuja. Pumzi ya mama juu ya kichwa chake ikawa ndefu, ikawa nzito, ikashika mwendo. Alipogeuka akaona macho yamefumba, mdomo umeachama kidogo, saa tisa ya mchana na jua lote sebuleni. Akainuka kwa kunyata avute pazia, akaona litapiga kelele kwenye bomba lake, akaliacha. Akachukua mto mmoja, akauweka kwenye zulia, akalala ubavu bila kuvua viatu. Jirani alikuwa anatwanga kitu. Alihesabu mapigo, akafika thelathini na kitu, akapotelewa na hesabu, akaanza upya, naye akalala.